KILA DAWA IWE NA SABABU YAKE



Mtu akirudi kutoka zahanati bila mfuko wa dawa mkononi, majirani humwuliza: "Vipi, wamekunyima?" Ni mara chache sana mtu kuulizwa: "Wamekupima? Wamesema unaumwa nini?" Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba matibabu ni dawa, na kwamba dawa nyingi ni matibabu mazuri zaidi. Na kama kuna sindano, basi hapo ndipo tumetibiwa kweli kweli.

Imani hiyo ina hasara kubwa. Dawa isiyohitajika humaliza fedha ya mkulima, huficha ugonjwa wenyewe, na pengine huleta ugonjwa mwingine ambao haukuwepo. Ndiyo sababu leo tunazungumzia jambo hili: jinsi ya kupunguza dawa zisizo za lazima. Hatusemi watu waache dawa, hata kidogo. Tunasema kila dawa inayoingia mwilini iwe na sababu yake, na mgonjwa mwenyewe aijue sababu hiyo.

MWONGOZO NI KITU GANI?

Katika zahanati yetu kuna kitabu kinachoitwa Mwongozo wa Matibabu. Kitabu hicho kimetolewa na Wizara ya Afya pamoja na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu. Kinamwambia mganga ugonjwa fulani utibiwe kwa dawa gani, kwa kiasi gani, kwa siku ngapi. Vile vile kinamwambia ni wakati gani dawa haitakiwi.

Mpango wa dawa muhimu si wa jana. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kwanza ya dawa muhimu. Katika miaka ya 1980 zahanati zetu za vijijini zilianza kuletewa masanduku ya dawa hizo. Wazee wanayakumbuka masanduku yale. Shida kubwa wakati huo ilikuwa upungufu: sanduku lilifika, na kabla ya mwezi kwisha baadhi ya dawa zilikuwa zimekwisha.

Upungufu haujaisha hata leo. Lakini shida ya pili imeongezeka. Siku hizi katika vijiji vingi duka la dawa liko karibu kuliko zahanati. Mtu anaingia, anataja dawa anayoitaka kama anavyotaja sabuni, anapewa, anaondoka. Shida hizi mbili ni ndugu. Dozi anayopewa mtu asiye na ugonjwa imetolewa katika kabati lile lile analolitegemea mtu mwenye ugonjwa. Jumatatu tunagawa dawa ya malaria kwa wenye mafua, Ijumaa analetwa mtoto mwenye malaria ya kweli, dawa hakuna!

Basi mwongozo tunao. Lakini mwongozo uliofungwa kabatini haumtibu mtu. Ili ufanye kazi unahitaji mganga anayeufuata, na mgonjwa asiyemlazimisha mganga kuuvunja.

HOMA SI MALARIA KILA MARA

Tuanze na homa, kwa sababu hapo ndipo nchi yetu imejifunza mengi.

Zamani mwongozo wenyewe uliruhusu mtoto mwenye homa, katika sehemu zenye malaria nyingi, apewe dawa ya malaria bila kupimwa. Zahanati nyingi hazikuwa na darubini, na malaria inaua haraka. Ilikuwa busara ya wakati ule. Lakini mazoea yakaota mizizi. Kichwa kikiuma, malaria. Viungo vikiuma, malaria. Hata uchovu wa kulima, malaria.

Mwaka 2004 watafiti walitoa matokeo kutoka hospitali 10 za kaskazini-mashariki ya Tanzania. Walichunguza wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kama wagonjwa wa malaria kali. Damu zao zilipopimwa kwa uangalifu, ni wagonjwa 2,062 tu waliokuwa na vijidudu vya malaria. Zaidi ya nusu hawakuwa navyo!

Sasa sikilizeni jambo la kusikitisha zaidi. Miongoni mwa wale wenye malaria ya kweli walikufa 142, yaani karibu 7 katika kila 100. Miongoni mwa wale wasio na malaria walikufa 292, yaani 12 katika kila 100. Wasio na malaria walikufa zaidi! Wengi wao walikuwa wanaumwa kitu kingine, na zaidi ya nusu yao hawakupewa dawa ya kuua bakteria, ambayo huenda ingewafaa. Jina "malaria" lilikuwa limeufunika ugonjwa wao.

Hii ndiyo hatari ya dawa isiyo na sababu. Inatufanya tukae tukisubiri nafuu, kumbe ugonjwa wenyewe unaendelea ndani kwa ndani.

Mwaka 2008 watafiti wengine walichunguza watoto 1,005 wenye homa katika Dar es Salaam na Ifakara. Matokeo yalitangazwa mwaka 2014. Katika kila watoto 100, wenye malaria walikuwa kama 10 tu. Wenye maambukizi ya njia ya mkojo walikuwa kama 6, na wenye homa ya matumbo, yaani taifodi, kama 4. Zaidi ya 60 walikuwa na maradhi ya njia ya hewa, kama mafua na kikohozi. Wengine walikuwa na maradhi zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Kwa jumla, watoto 70 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa unaoletwa na virusi. Virusi haviuawi na dawa ya malaria, wala haviuawi na antibayotiki. Mara nyingi mwili wenyewe huvishinda kwa siku chache.

Hebu tujiulize: ni mara ngapi tumesikia mtu akisema ameambiwa ana "malaria, taifodi na UTI" kwa siku moja, akarudi na mafungu matatu ya dawa?

PIMA KWANZA

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza, mtoto au mtu mzima. Siku hizi kipimo cha haraka kinapatikana hata katika zahanati isiyo na umeme. Tone moja la damu ya kidole, kusubiri kwa dakika zilizoandikwa katika maelekezo, na majibu yapo.

Kipimo kikionyesha malaria, mgonjwa apewe dawa ya mseto na aimalize dozi yake. Kipimo kisipoonyesha malaria, mganga atafute sababu nyingine. Na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunasema: "Kipimo hiki kibovu. Mimi mwili wangu naujua." Halafu tunakwenda dukani kununua ile ile dawa ya malaria.

Kuna kosa la pili. Utafiti uliofanywa hapa Tanzania na katika nchi nyingine ulionyesha kwamba vipimo vya haraka vilipoletwa, watu wasio na malaria walianza kupewa antibayotiki kwa wingi zaidi. Tumefunga mlango, tumefungua dirisha! Kukosa malaria si sababu ya kumeza antibayotiki. Sababu ya kumeza antibayotiki ni ugonjwa wa bakteria.

DAWA INAPOZOEWA NA VIJIDUDU

Wenye umri mkubwa wanaikumbuka klorokwini. Ilikuwa chungu, iliwasha mwili, lakini iliponya. Vijidudu vya malaria vikaizoea hata ikawa haifai tena. Mwaka 2001 Tanzania iliiacha klorokwini ikachukua SP. SP nayo haikudumu. Mwaka 2006 Serikali ikaamua kutumia dawa ya mseto, yaani ALu.

Hali hii ya vijidudu kuishinda dawa huitwa usugu. Dawa ikitumiwa ovyo, au dozi isipotimizwa, usugu huja mbio zaidi. Sasa dalili za usugu zimeanza kuonekana dhidi ya artemisinini, ambayo ni sehemu ya dawa ya mseto. Zimeonekana Rwanda, Uganda, na hapa kwetu katika Mkoa wa Kagera. Dawa ya mseto bado inaponya, na ndiyo tunayotakiwa kuitumia. Lakini hatuna akiba ya dawa nyingi nyuma yake. Anayekunywa mseto kwa mafua anatumia vibaya silaha ya kijiji kizima.

Mambo ni hayo hayo kwa antibayotiki. Kapsuli mbili za leo na tatu za kesho kutwa haziui bakteria wote. Wanaobaki ndio wagumu, nao huzaana.

KIKOHOZI NA KUHARISHA

Akina mama wengi huuliza: "Sasa mtoto anakohoa, nikae tu nimwangalie?" Hapana. Kuna la kufanya, na kuna la kutazama.

Kikohozi na mafua ya kawaida havihitaji antibayotiki. Mtoto anyonye au apewe vinywaji vya kutosha, aendelee kula, na pua isafishwe. Mtoto aliyezidi mwaka 1 anaweza kupewa asali kidogo katika maji ya vuguvugu. Aliye chini ya mwaka 1 asipewe asali.

Lakini hesabu pumzi zake. Mtoto akiwa ametulia, tazama kifua kikipanda na kushuka kwa dakika 1 nzima kwa saa. Mtoto yuko katika hatari ya kichomi, yaani nimonia, ikiwa pumzi zake zinafika:

– 60 au zaidi, kwa mtoto wa chini ya miezi 2;
– 50 au zaidi, kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11;
– 40 au zaidi, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5.

Huyo apelekwe zahanati mara moja. Akiwa na nimonia, hapo antibayotiki ina sababu yake, tena ni ya lazima.

Mtoto anayeharisha bila damu kwa kawaida hahitaji antibayotiki, wala dawa ya kufunga tumbo. Anahitaji maji ya ORS na vidonge vya zinki. Tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF wanashauri zinki itolewe pamoja na ORS, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma mapema. Changanya ORS kwa maji safi kama pakiti inavyoelekeza, na yakipita saa 24 yamwage, uchanganye mengine. Akiharisha damu, au akiharisha maji mengi meupe kama maji ya mchele, usingoje. Nenda zahanati.

Tena, mtoto yeyote mgonjwa anayeshindwa kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na kupoteza fahamu, apelekwe upesi. Kupunguza dawa zisizo za lazima si kuchelewesha dawa za lazima.

DAWA HUZAA DAWA

Sasa tuwageukie wazee. Watu wenye presha, kisukari na maumivu ya viungo wameongezeka katika vijiji vyetu, na maradhi hayo hutibiwa kwa miaka mingi. Dawa huongezeka moja moja, na hakuna anayezihesabu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni ya kupunguza madhara yanayoletwa na dawa. Moja ya mambo matatu makubwa yaliyotiliwa mkazo ni hili la mtu mmoja kutumia dawa nyingi kwa pamoja.

Tuchukue mfano. Tumwite Mzee Masanja, mwenye miaka 72. Ameanguka uani usiku, na huu ni mwezi wa pili tangu kizunguzungu kianze. Mjukuu wake amempeleka zahanati na mfuko mzima wa dawa. Tabibu anavimwaga vidonge mezani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Babu, dawa hii ni ya nini?"

"Hiyo ya presha. Nilipewa hospitali ya wilaya."

"Na hii?"

"Hiyo nayo ya presha. Mwanangu alinichukua mjini, akanipeleka kwa daktari wake."

"Ulimwonyesha daktari huyo ile ya kwanza?"

"Aa, niliiacha nyumbani. Naye hakuniuliza."

"Na hii ya kukojoza?"

"Miguu ilivimba."

"Ilianza kuvimba lini, babu?"

Mzee akafikiri. "Tangu niliporudi kutoka mjini."

Basi tabibu akaanza kuona njia. Dawa ya kwanza ilikuwa nifedipini, ya pili amlodipini. Majina mawili, lakini ni dawa za ukoo mmoja, na kazi yake ni moja. Dawa za ukoo huo zinaweza kuvimbisha miguu, na Mzee alikuwa anameza mbili. Miguu ilipovimba akapewa dawa ya kukojoza. Dawa ya kukojoza ikamwamsha usiku mara nne, mara tano. Akakosa usingizi, akapewa diazepamu, ambayo humlegeza mzee na kumfanya ayumbe. Pembeni, kwa ajili ya magoti, alikuwa ananunua diklofenaki dukani. Diklofenaki ikamchoma tumbo, akaongezewa omeprazoli. Na diklofenaki hiyo hiyo hupandisha presha na huweza kuumiza figo, hasa kwa mzee anayetumia dawa ya kukojoza.

Hesabuni: dawa 6. Ugonjwa wa asili ulikuwa presha na magoti tu. Dawa ilizaa dawa, nayo ikazaa nyingine, mpaka Mzee akaanguka uani.

Tabibu hakuzitupa zote siku moja. Alimpima presha akiwa amekaa na akiwa amesimama. Alipiga simu kwa daktari wa wilaya wakashauriana. Diklofenaki, ambayo hakuna aliyemwandikia, aliambiwa aiache siku hiyo hiyo. Akapewa parasetamoli ya kumeza magoti yanapouma, na akafundishwa kuyakanda kwa maji ya moto na kuyafanyisha mazoezi. Katika dawa za kuandikiwa, ya kwanza kuondolewa ilikuwa nifedipini. Baada ya wiki 1 presha ikapimwa tena. Miguu ilipopungua, dawa ya kukojoza ikaondolewa. Usingizi ulipoanza kurudi, diazepamu ikapunguzwa kidogo kidogo, halafu ikaachwa. Omeprazoli nayo ikaenda, maana kilichokuwa kinachoma tumbo hakipo tena. Mwisho Mzee alibaki na amlodipini ya kila siku na parasetamoli ya pale inapobidi.

HATUA ZA KUFUATA

Kutokana na mfano huu tunaweza kuona hatua ambazo kila mmoja wetu anaweza kuzitumia.

Kwanza, leta dawa zote. Ukienda kliniki chukua kila unachomeza: za hospitali, za dukani, za kuazimwa na jirani. Taja na dawa za miti shamba. Usione haya. Mganga asiyejua unachokunywa anatibu gizani.

Pili, uliza kila dawa: "Hii ni ya nini?" Jibu liandikwe kwenye daftari au kadi. Sisi tuliojifunza kusoma na kuandika tuna faida hapa. Andika jina la dawa, ni ya ugonjwa gani, unakunywa mara ngapi, ulianza lini. Wasaidie na wazazi ambao macho hayaoni tena.

Tatu, tazameni pamoja na mganga: Je, ugonjwa huo bado upo? Je, kuna dawa mbili za kazi moja? Je, dalili hii mpya imeletwa na ugonjwa, au imeletwa na dawa?

Nne, mganga apunguze moja moja. Zikiachwa tano kwa pamoja, hali ikibadilika hatutajua ni ipi iliyohusika. Nyingine hupunguzwa polepole.

Tano, rudi upimwe. Dawa ikiondolewa, mtu hakuachwa. Apewe tarehe ya kurudi, na aambiwe dalili za kutazama.

DAWA AMBAZO HAZIACHWI OVYO

Hapa tuandike kwa herufi kubwa ili pasiwe na mtu wa kutuelewa vibaya: USIACHE DAWA KWA SHAURI LAKO MWENYEWE.

Dawa za kifua kikuu, dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, dawa za kifafa, za kisukari na za presha huendelea hata kama mtu anajisikia vizuri. Mara nyingi anajisikia vizuri kwa sababu ya dawa hizo. Mwenye kifafa akiacha ghafla anaweza kupata degedege lisilokoma. Anayetumia predinisoloni kwa muda mrefu akiacha siku moja anaweza kuzidiwa vibaya. Dozi ya antibayotiki uliyoandikiwa na mganga imalize kama ulivyoagizwa. Ukiona dawa inakudhuru, usiitupe ukanyamaza. Rudi useme.

KAZI YA KILA MMOJA

Sisi wagonjwa tuna kazi. Tukubali kupimwa, na tukubali majibu. Tusimwambie mganga, "Nimetembea saa mbili, huwezi kunirudisha mikono mitupu." Maneno hayo humsukuma kutoa kidonge cha kuturidhisha tu. Badala yake tumwulize: "Ninaumwa nini? Dawa hii ni ya lazima? Nisipoitumia itakuwaje? Nirudi lini?" Haya ni maswali ya heshima, na mganga mwema huyafurahia. Sindano nayo tusiipende kwa sababu ya uchungu wake. Kama mtu anaweza kumeza na hatapiki, mara nyingi kidonge kinatosha.

Waganga nao wana kazi. Mgonjwa aliyeambiwa tu "huna malaria, nenda" atakwenda moja kwa moja dukani. Lakini aliyeelezwa ana nini, afanye nini nyumbani, na arudi akiona dalili gani, huyo ametibiwa ingawa hakupewa kidonge. Tunajua foleni ni ndefu na waganga ni wachache. Hata hivyo, dakika mbili za maelezo huokoa dozi nzima, na huokoa safari ya pili.

Wauzaji wa maduka ya dawa muhimu wana kazi yao. Maduka haya yalianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, ili vijijini pawe na muuzaji aliyepata mafunzo. Muuzaji wa namna hiyo anaruhusiwa kuuza dawa zilizo katika orodha yake tu. Akimwambia mteja, "Hii siuzi bila cheti, nenda ukapimwe," asitukanwe. Anatulinda. Na sisi tusimwombe atukatie vidonge viwili vitatu vya antibayotiki kwa sababu fedha ni kidogo.

Kamati ya afya ya zahanati nayo iulize: Je, vipimo vya malaria vipo? Vimekwisha tangu lini? Waliopewa dawa ya malaria mwezi uliopita ni wangapi, na waliopimwa wakaonekana nayo ni wangapi? Hesabu hizo mbili zikiachana sana, hapo pana jambo la kuzungumza.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vya wananchi vilikaa chini ya miti kusikiliza redio na kusoma vitabu vidogo, halafu vikaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Watu hawakuambiwa tu. Walijadili, wakaamua, wakatenda. Hata hili la dawa linataka njia hiyo hiyo. Mganga mmoja hawezi kubadili mazoea ya kijiji kizima akiwa peke yake dirishani. Lakini kijiji kikikubaliana kwamba mtu aliyepimwa na kushauriwa ametibiwa, mganga atapata nguvu ya kufuata mwongozo wake.

Tukutane zahanati, na mifuko yetu ya dawa mkononi, tuulize: "Hii ni ya nini?"

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini wagonjwa wasio na malaria walikufa zaidi katika hospitali zile 10?
2. Mtoto wa miezi 8 anakohoa, na pumzi zake ni 54 kwa dakika. Mama yake afanye nini?
3. Mzee Masanja alikuwa na dawa 6. Elezeni jinsi kila moja ilivyoingia katika mfuko wake.
4. Tajeni dawa tano ambazo mtu haruhusiwi kuziacha bila kuongea na mganga.
5. Nyumbani kwenu kuna dawa gani zilizobaki? Zileteni kwa mganga azikague. Zilizopitwa na wakati zisitumike.

MAANA YA MANENO

Antibayotiki: dawa ya kuua bakteria. Haiui virusi.
Dozi: kiasi cha dawa kilichopangwa kwa ugonjwa fulani na kwa siku zake.
Madhara ya dawa: mabaya yanayoletwa na dawa mwilini mbali na kazi yake.
Usugu: hali ya vijidudu kuizoea dawa hata isiviue tena.
Virusi: vijidudu vidogo mno vinavyoleta mafua na maradhi mengine.